Difu yenye kutu na difu iliyopigwa rangi: kwa nini yetu ni ghali

Wiki iliyopita mteja alirudi dukani kwetu, tunakouza spea zilizotumika, na difu (sanduku la gia linalogawa mzunguko kwa magurudumu) ya Hilux ya zamani, amekasirika. "Nimelipa hela yote hii mnanipa chuma cha kutu, wakati duka la pili zinang'aa na bei iko chini!" Lawama hii haipiti mwezi hatujaisikia, na inatuuma, kwa sababu ile difu tuliishughulikia nusu siku nzima.

Kutu ya nje ya ganda hatuihofii. Chuma kile ni kinene, na hatukipigi rangi makusudi ili uone kama kuna ufa au mahali palipochomelewa. Rangi ya fedha huficha vyote viwili.

Kutu tunayoitafuta iko pale chuma kinaposuguana na chuma. Gari ikiegeshwa miaka, oili hushuka chini na unyevu hukaa juu, kwa hiyo utakuta kraunwili, ile gia kubwa ndani ya difu, nusu safi, nusu nyekundu, imegawanyika kwa mstari kabisa. Tunaosha kwa dizeli, kisha tunapitisha ukucha kwenye kila jino. Wekundu ukifutika na ukucha ukateleza, inauzwa. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, haiuzwi, hata mteja alie vipi. Beringi nazo tunazifungua, baada ya kutia alama kofia zake, maana ya kushoto haivai kulia. Njia ya rola ikiwa na mistari myeusi iliyopishana sawasawa, maji yamelala humo. Beringi hiyo italia barabarani.

Beringi ya pinioni, gia ndogo inayozungusha kraunwili, ndiyo inayowaumiza watu. Kuibadilisha ni kupima upya ukazaji wa beringi na nafasi iliyo kati ya meno ya gia hizo mbili, ambayo kwenye difu nyingi za Hilux ni milimita 0.13 hadi 0.18 tu. Kazi hiyo haifanywi kwa macho, na ndiyo sehemu kubwa ya bei unayoilalamikia.

Sasa njia ya mkato. Hafushafti, chuma kinachopeleka mzunguko wa difu kwenye gurudumu, imeliwa na kutu pale mdomo wa sili, mpira unaozuia oili, unapokaa, fundi anapiga msasa hadi inang'aa, anaweka sili mpya. Vishimo vimebaki. Dereva mmoja wa kubeba samaki, ambaye maji ya chumvi ya barafu yalikuwa yakichuruzika chini ya bodi kila siku, alifanya hivyo mara tatu. Oili ikaingia kwenye dramu, breki shuu zikalowa, gari ikamgomea kusimama kwenye mteremko. Alinusurika. Alipokuja kwetu alinunua hafushafti, sili, beringi na breki shuu za pande zote mbili, wakati mwanzoni alihitaji hafushafti moja.

Mwingine aliokota kraunwili nzuri hapa, pinioni pale. Meno hayo husagwa pamoja kiwandani, hayaoani na mengine. Ililia tangu siku ya kwanza.

Na spea ikitoka kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, tunaiangalia mara mbili, hasa spelaini (mifereji inayoteleza) za propela shafti, chuma kirefu kinacholeta mzunguko kwenye difu, na vikombe vya krosi, kiungo chake kinachopinda.

Yule mteja wa wiki iliyopita tulimwekea difu mezani, tukampa tochi, akapitisha ukucha wake mwenyewe jino kwa jino. Aliondoka nayo. Nawe ukija, njoo na fundi wako, na mje mchana kukiwa na mwanga.