Tanuri Lenu: Litengenezwe au Linunuliwe Jipya?

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, wewe na wote walio nyumbani. Barua yako niliipata juzi, nami nimeisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu wasiwasi uliomo ndani yake niliwahi kuwa nao mwenyewe. Unasema kwamba tanuri la gesi linalopasha joto nyumba yenu limetimiza miaka 16, kwamba wiki iliyopita lilizimika mara tatu katika usiku mmoja, na kwamba fundi aliyekuja kulitazama hakukaa hata robo saa kabla ya kukwambia kuwa limekwisha na kwamba ununue jipya. Unaniuliza kama umwamini. Nakuomba usiamue bado, kwa kuwa katika yote uliyoninukulia kutoka kwake sijaona neno hata moja linaloeleza ni kitu gani hasa kilichoharibika.

Ni kweli kwamba tanuri la gesi kwa kawaida hudumu miaka 15 hadi 20, na lenu limekwisha kuingia katika umri huo. Hata hivyo umri peke yake hauzimi moto. Kinachouzima ni kifaa fulani chenye jina lake na bei yake, na fundi anayejua kazi yake hukionyesha kwa kidole.

Nakumbuka tanuri letu la zamani lilipoanza kusumbua kama lenu. Gesi ilikuwa ikiwaka, mwale unatulia kwa sekunde chache, kisha unakatika; linajaribu tena mara mbili tatu, halafu linajifunga na nyumba inaanza kupoa. Fundi wa kwanza alinishauri ninunue jipya. Wa pili, mtu mzima mwenye utaratibu, alifungua kifuniko cha mbele, akalegeza skrubu moja, akachomoa kijiti cha chuma chembamba kama spoki ya baiskeli, akakiweka kiganjani mwangu ili nikione. Kilikuwa na utando wa kijivu. Alinieleza kwamba kazi ya kijiti hicho ni kuhisi mwale na kulijulisha tanuri kuwa gesi inayotoka inawaka kweli. Kikishafunikwa na utando hakihisi kitu, na tanuri hufunga gesi mara moja ili isije ikajaa ndani bila kuwaka. Akakisugua kwa pamba laini ya chuma, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Tanuri lile lilitutumikia miaka mingine 6, na ninapokumbuka jinsi nilivyokaribia kuling'oa bado nasikitika kwa niaba ya wote ambao hawakumpata fundi wa pili.

Sisemi kwamba lenu lina tatizo hilohilo. Huenda ni kiwashio kilichopasuka, au mota ya feni, au themostati, yaani kifaa kinachopima joto la nyumba na kuliamuru tanuri liwake au lizimike, na mengi ya haya hutengenezwa kwa sehemu ndogo ya bei ya tanuri jipya. Huenda hata ni chujio la hewa lililojaa vumbi, kwa maana hewa isipopita vizuri joto hupanda kupita kiasi na swichi ya usalama huzima moto. Hilo litazame wewe mwenyewe leo, kabla ya kumwita mtu yeyote.

Kipo kifaa kimoja tu ambacho, kikiwa ndicho kibovu, nitakusihi usihesabu gharama za kutengeneza, nacho ni kibadilisha joto. Hiki ni ile mirija au vyumba vya chuma ambamo moto na moshi hupita kwa ndani, huku hewa mnayoivuta ikipita kwa nje na kuchukua joto bila kukutana na moshi. Chuma hicho hutanuka kila moto unapowaka na kusinyaa unapozimika, maelfu ya mara katika kila majira ya baridi, mpaka siku moja kinapata ufa, mara nyingi kwenye kona au mahali kilipokunjwa. Kikishapasuka, moshi unaweza kupenya na kuingia vyumbani pamoja na kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu na inaweza kumuua akiwa usingizini. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, akitoka nje hupata nafuu, akirudi ndani hali inarudi palepale. Ikiwa hakuna king'ora cha gesi hiyo karibu na vyumba mnamolala, tafadhali kinunue kabla hujamaliza kusoma barua hii, na kikilia tokeni nje kwanza, mpige simu ya msaada mkiwa huko.

Mwisho wa tanuri letu ulikuwa huo. Fundi yuleyule aliniita nitazame moto kabla feni haijaanza: ulikuwa wa buluu, umesimama wima. Feni ilipoanza kuvuma, mwale wa tatu ukayumba na kugeuka manjano, kana kwamba mtu ameupulizia kutoka upande. Kisha akaingiza kamera ndogo yenye waya, nikauona ufa kwenye kioo chake, mwembamba kama unywele, una kutu pembeni. Akafunga gesi palepale, nami sikumwomba ajaribu kuziba. Kwa hiyo yeyote atakayekwambia kwamba kibadilisha joto chenu kimepasuka, mwombe akuonyeshe namna hiyo, mkweli hatakasirika. Ikithibitika, tanuri lisiwashwe tena. Pekua pia karatasi za dhamana, kwa kuwa kifaa hiki mara nyingi hupewa dhamana ndefu kuliko vingine, ingawa ujira wa kukibadilisha kwa kawaida haumo, na katika tanuri la miaka 16 mimi nisingeulipa.

Kama kibadilisha joto ni kizima, ndipo hesabu ya fedha inapokuwa na maana. Mafundi wengi husema kwamba matengenezo yakifika nusu ya bei ya tanuri jipya, na lililopo limezeeka, ni afadhali kununua. Nakubaliana nao, ila ninaongeza kwamba ujumlishe na yale uliyolipa katika majira mawili yaliyopita, maana tanuri humaliza fedha kidogo kidogo.

Kuhusu gesi utakayookoa, usikubali ahadi kabla ya kulitazama bomba la kutolea moshi. Likiwa la chuma na linapanda hadi kwenye dohani, yaelekea tanuri lenu linageuza kiasi cha asilimia 80 ya nishati ya gesi kuwa joto la nyumba. Likiwa la plastiki na linatokea ukutani, ni aina inayokamua joto hata kutoka kwenye mvuke wa moshi, na tayari limevuka asilimia 90. Jipya halitakupunguzia sana. Ukitoka kwenye 80 kwenda kwenye 95, gesi iliyokuwa vipimo 100 itashuka hadi vipimo 84 hivi. Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini ilinganishe na bili zenu wenyewe, kwa maana penye baridi fupi itachukua miaka mingi kurudisha bei ya kununulia.

Mkilazimika kununua, kataa tanuri litakalochaguliwa kwa kusoma tu kibandiko cha lile la zamani. Fundi apime nyumba, kuta, madirisha na dari, kisha akokotoe joto linalohitajika, kwa sababu tanuri kubwa kupita kiasi huwaka na kuzimika kila mara, nalo huchakaa mapema. Muulize pia hita yenu ya maji itatoa moshi wake wapi. Iwapo imekuwa ikishiriki dohani moja na tanuri, na tanuri jipya likahamia kwenye bomba lake la plastiki, dohani hiyo huenda ikawa pana mno kwa hita peke yake, moshi ukapoa njiani na kurudi ndani. Mimi sikuliuliza hilo, ikabidi mafundi waitwe tena kuja kutia bomba dogo ndani ya dohani.

Mwite fundi wa pili wiki hii, usimwambie wa kwanza alisema nini, na umwombe aandike kifaa kilichoharibika, bei ya kukitengeneza, na hali ya kibadilisha joto. Ikiwa hicho ni kizima na matengenezo ni madogo, tengenezeni, kisha baridi ikiisha kusanyeni makadirio ya bei kwa utulivu, wakati mafundi hawana haraka nanyi hamtetemeki. Nitumie nakala ya atakachoandika, hata kama ni karatasi nzima, nami nitaisoma mstari kwa mstari na kukujibu siku hiyohiyo.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.