Bakapu mnayo, jee mshawahi kuirejesha?

Mhariri, asalaam alaykum.

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, nna dukuduku. Wiki ilopita nlikwenda ofisi moja hapa mjini kufuata karatasi ya mwanangu ya skuli, mara ya tatu hiyo, kijana wa dirishani akanambia "mzee wangu, mfumo umekufa, mashine imeungua na kila kitu kilikuwa humo humo." Nkamuuliza, bakapu jee mwanangu, ile nakala ya akiba? Akasema ipo, kwenye fleshi, na fleshi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine ile ile wakati inaungua. Nlicheka mpaka akanuna.

Sasa kwa nini nlicheka. Mie fundi kompyuta, nakaa Mwanakwerekwe, na usiku nna mchezo wangu ambao mama watoto anauita wazimu: nainstoli mfumo wa meinfremu ya zamani ya IBM, yale makompyuta makubwa ya maofisi, unaitwa MVS 3.8, kutoka kwenye tepu, yaani kanda ya sumaku, kwenda kwenye diski. Meinfremu sina bwana, ntaiweka wapi, iko programu inaitwa Hercules ambayo Roger Bowler aliitoa 1999, inaifanya PC ya kawaida ijione ni System/370, meinfremu ya IBM ya miaka hiyo, na tepu na diski zenyewe ni mafaili tu. Lakini hatua unazopita ni za mafundi wa miaka ya 70.

Hakuna neksti neksti finishi. Kwanza unaiandaa diski, unaipa lebo. Mashine haina kitu, tupu, unaiambia isome tepu, nayo inavuta baiti 24 tu za mwanzo, basi, na hizo baiti 24 ndo zinoiambia ivute nini baadae, mpaka kinaamka kiprogramu kidogo ambacho kazi yake ni moja, kuchukua kilichomo kwenye tepu na kukimwaga kwenye diski. Na hakimwagi hivi hivi. Unatakiwa ukiandikie diski namba ngapi na jina lake nani, jina likikhitilafiana na lebo kinagoma. Mie usiku mmoja, usingizi ushanishika, nliandika 151 badala ya 150, kikanikatalia, nkakishukuru maana 151 ilikuwa na vitu vyangu. Diski yenyewe ni ya aina ya 3330, inachukua kama megabaiti 100, video ya harusi ya dakika chache tu leo inaijaza, na zamani ilikuwa sanduku kubwa la kusimama chini.

Na tepu za kweli zilikuwa na kitu nakipenda sana. Nyuma ya gurudumu la tepu kuna pete ya plastiki, ukiichomoa mashine inasoma lakini haiandiki, hata uibembeleze. Kwa hiyo tepu ya mfumo inakaa bila pete, mtu akosee anavotaka.

Ukimaliza kumwaga unaiwasha mashine upya, safari hii kwa diski, na ikikujia IEA101A SPECIFY SYSTEM PARAMETERS kwenye skrini, yaani mfumo umeamka unakuuliza uanze vipi, ujue umefika. Mie mara ya kwanza niliiona saa saba usiku, nkapiga kelele nkamwamsha mtoto.

Baada ya hapo kuna kazi ndefu ya kujijengea mfumo wako kutokana na ule wa kuanzia, wanaita SYSGEN, na katikati yake umeme ukakatika, pu! Asubuhi diski zote vurugu tupu. Nlifanya nini? Nkarudi kwenye tepu. Haijaguswa na kitu, nkaandaa diski upya nkamwaga upya, chai ilikuwa haijapoa nshafika pale pale kwenye IEA101A.

Ndo nauliza, Mhariri, hawa wakubwa wa maofisi yetu, Unguja na Pemba, kuna hata mmoja alowahi kuichukua hiyo bakapu yake akaitia kwenye mashine nyengine tupu akaona kama inaamka? Sisemi kuikopi, kukopi kila mtu anakopi. Maana sisi ndo tulokaa gizani karibu mwezi mzima 2008, tukakaa tena miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, tena umeme ukirudi unarudi na kishindo unaunguza mafriji na mativii, leo mtu anaacha fleshi imechomekwa kwenye mashine usiku kucha halafu anaiita bakapu. Itoeni jamani, iwekeni hata kwenye mtoto wa meza jengo jengine, na mara moja kwa mwezi mtu akae nayo ajaribu.

Karatasi ya mtoto inatakiwa Ijumaa hii. Mie nimeambiwa nirudi Jumatatu.

Fundi wa Mwanakwerekwe,
Unguja