Wifi yangu, iweke hiyo gundi chini kwanza

Wifi yangu,

Nimeiona picha ya fulana ya mwanao unayotaka kuipamba, uliyoitandaza mezani, vifungo umevipanga kimoja kimoja kama kete za bao, chupa ya gundi pembeni. Imependeza, sikatai. Ila sherehe yao ya shule ni wiki ijayo, muda bado upo, basi nisikilize kidogo.

Wewe unaiona fulana ikiwa imelala. Mtoto ataivaa akikimbia. Mwaka jana nami nilibandika vyote kwa gundi, nikampiga mwanangu picha amesimama wima kama askari wa gwaride. Jioni alirudi na vifungo vingine mfukoni, vingine havijulikani viliko, na kifuani magamba ya gundi yanamkwaruza. Yeye alikuwa na furaha tele. Aliyenuna ni mimi.

Kitambaa cha fulana kinavutika, gundi ikishakauka haivutiki. Mtoto akipitisha kichwa tu, kimoja kinakwenda na kingine kinagoma, kifungo kinabanduka. Gundi ya moto ndiyo kabisa, maana huyeyuka kwa joto, na pasi ikiikaribia inalegea tena. Shona, wifi. Kwa ndani weka kipande cha kile kitambaa kigumu ambacho mafundi hutia kwenye kola, kisaidie kubeba uzito. Kila kifungo kipige fundo lake, kwa sababu ukivishona vyote kwa uzi mmoja, siku ukikatika utaviokota vyote sakafuni. Shingoni usiguse, pale kichwa kinahitaji nafasi ya kupita.

Halafu kuna yule mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni. Kifungo kimoja kinatosha kumkaba. Kwa nyumba yako ningechagua rangi, au maumbo ya felti, kile kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa, ambayo ukiikata haichanui nyuzi, hivyo huhitaji hata kuipinda.

Ukienda kwenye rangi, chukua ya vitambaa. Akriliki ya kawaida, ile rangi ya kuchorea picha, hukauka ikawa ngumu, ikapasukapasuka kwenye mikunjo. Fua fulana kwanza, bila dawa ya kulainisha nguo: pamba hurudi ikifuliwa, na dawa iliyotiwa kiwandani huzuia rangi isishike. Ingiza kadibodi ndani, la sivyo mchoro wa kifuani utahamia mgongoni. Iache ikauke saa 24, kisha igeuze, uipige pasi kavu bila mvuke kwa dakika chache, ukifuata maelezo ya chupa yako. Zile karatasi za kuchapa picha na kuhamishia kwa pasi, zile za vitambaa vyeupe, zinataka maandishi yageuzwe kabla ya kuchapa. Mimi nilisahau. Jina la mtoto likawa linasomeka kwenye kioo tu!

Sasa hili utaniudhikia, lakini nalisema. Mwachie mtoto sehemu yake. Si kukushikia mkasi, namaanisha upande mzima wa kifua ambao wewe hutii mkono. Wangu alichora simba, mimi nikaona kiazi chenye miguu, mikono ikaniwasha nirekebishe. Nilijizuia, na huyo simba ndiye aliyekuwa akimwonyesha kila mtu. Vifungo vyangu hakuvitaja hata mara moja. Mwalimu naye hadanganyiki, kazi ya mama anaijua akiwa bado mlangoni.

Usiku wa kuamkia sherehe, mvalishe. Aruke, ainue mikono, ajiviringishe chini akitaka. Mpe na begi alibebe, maana mikanda yake hukwangua kila kilichopo mabegani. Mimi siku hizi mabega nayaacha matupu. Kitakachodondoka kishone usiku huohuo.

Na picha nitakayoisubiri ni ya jioni, akisharudi.