Bamba gumu zaidi sio lazima likinge zaidi

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo niongelee ile makala yenu ya fulana za kuzuia risasi, mlivyoandika kwamba bamba la seramiki (kitu cha jamii ya kauri) linalowekwa ndani yake likiwa gumu zaidi ndio linakinga zaidi, basi mnunuzi aangalie ugumu tu. Hapana jamani, hapo mmewapoteza watu.

Ugumu unahitajika sawa, ndio unaobomoa ncha ya risasi. Ila ugumu unapimwa maabara kwa kubonyeza almasi taratibu, na risasi ya bunduki inakuja na mita 700 hadi 900 hivi kwa sekunde, hiyo habari nyingine kabisa. Wimbi la mshtuko ndani ya alumina, seramiki mojawapo ya mabamba haya, linakimbia karibu kilomita 10 kwa sekunde, kwa hiyo bamba la milimita 10 linavukwa ndani ya kama sekunde moja igawanywe mara milioni, wimbi likifika nyuma linageuka linarudi likiwa linavuta sasa badala ya kukandamiza, na seramiki kuvutwa ndio udhaifu wake, inavumilia mkandamizo karibu mara kumi kuliko mvuto. Ndio maana nyuma huwekwa tabaka la nyuzi imara za aramidi (kama Kevlar) au polithilini (aina ya plastiki), lidake vipande.

Sasa boroni kabaidi, seramiki nyingine ya mabamba. Hii kwa namba tu ni bingwa, uzito gramu 2.5 kwa sentimita ya ujazo wakati chuma ni 7.8, na ugumu imepitwa na vitu vichache sana kama almasi. Wamarekani waliwavalisha marubani wa helikopta kule Vietnam miaka ya 1960. Lakini mshtuko ukizidi kama gigapaskali 20, yaani mgandamizo wa hewa tunayovuta mara laki mbili hivi, inalegea ghafla.

Inalegea vipi? Watu wengi wanadhani risasi inakandamiza tu, kumbe inasukuma pembeni pia, tabaka za kitu zinataka kuteleza moja juu ya nyingine kama karata mkononi, na bamba zuri ni lile linalogoma kuteleza hata likiwa limebanwa vibaya sana. Boroni kabaidi hapo ndipo inaposhindwa. Mwaka 2003 watafiti Chen, McCauley na Hemker walichapisha kwenye jarida la Science, walichukua vipande vya bamba lililopigwa wakaviangalia kwa hadubini ya elektroni, wakakuta vimistari vya upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu ambamo mpangilio wa atomi umevurugika wote, umekuwa kama wa kioo. Ufa unapita humohumo. Silikoni kabaidi, seramiki nyingine tena, ni nzito zaidi (gramu 3.2) na ugumu wake uko chini kidogo, ila ikivuka kikomo chake haiporomoki ghafla hivyo, inaendelea kugoma.

Na kitu kingine ambacho hamkukigusa kabisa, na mimi ndio kinanishangaza kuliko vyote, seramiki ikishasagika bado inafanya kazi! Ule unga ukiwa umebanwa pande zote hauna pa kukimbilia, chembe zinasuguana, zinailinda sehemu ya nyuma huku zinaila risasi inavyopita. Ukiuacha wazi unatawanyika na kinga inaisha, kwa hiyo jinsi bamba lilivyofungwa na kuvikwa ni nusu ya shughuli.

Kwa hiyo mnunuzi aulize limejaribiwa kwa risasi gani na kwa mwendo gani. Kiwango cha NIJ (taasisi ya serikali ya Marekani inayopima fulana hizi), toleo la 0101.06 lililotangulia lile jipya la mwaka 2023, daraja la nne lilikuwa risasi ya kutoboa chuma kwa mita 878 kwa sekunde, na hapo bamba lilitakiwa kuzuia risasi moja tu. Moja. Na hao walinzi wanaotupa fulana sakafuni wakimaliza zamu waambiwe nyufa nyingine hazionekani kwa macho, mpaka eksrei.

Msomaji wenu, Morogoro