Mrushaji wa besiboli asibebeshwe lawama za timu nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa michezo wa skuli zinazofundisha besiboli hapa Visiwani, pamoja na waandishi wanaoripoti mechi zao. Timu ikifungwa, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji wa timu pinzani. Ukilifungua daftari la mechi, mara nyingi utakuta yeye kazi yake kaifanya na walioiharibu ni wenzake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Zamu ya kulinda humalizika kwa auti tatu, yaani wapinzani watatu wakishatolewa, na mpigaji mmoja kwa kawaida humtoa mrushaji mirusho mitatu hadi mitano. Mpira mwepesi uliopigwa ukabiringika chini ukimponyoka mlinzi, auti imekwenda, na mrushaji anaanza upya na mpigaji mwengine. Makosa mawili ndani ya zamu moja ni mirusho minane hivi ya ziada. Tena sasa yule mpigaji amekuwa mkimbiaji na yupo kwenye besi (kituo cha kukimbilia), kwa hiyo mrushaji inambidi afupishe mnyanyuo wa mguu ili mkimbiaji asiibe besi inayofuata, huku jicho moja liko nyuma. Kasi inapungua, mpira unapanda usawa wa kiuno, unachapwa. Watazamaji wanakumbuka kipigo hicho tu.

Na mkono una kikomo. Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani, wa kulinda mikono ya warushaji vijana, unaruhusu mirusho 95 kwa siku kwa kijana wa miaka 15 hadi 16, na akivuka 75 apumzike siku nne. Huko Japani, mwaka 2018, Kosei Yoshida wa skuli ya Kanaashi Nogyo alirusha mara 881 katika Koshien, mashindano ya kiangazi ya taifa ya skuli za sekondari, na fainali skuli yake ikafungwa 13 kwa 2. Tangu 2020 wanafunzi wa sekondari kule wamewekewa ukomo wa mirusho 500 kwa wiki. Kwa hiyo kila kosa la mlinzi linakula akiba ya bega la kijana, na bega likiharibika halina spea.

Ningeanza na mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mrusho, maana ndiye anayempa mrushaji ujasiri au kumnyima. Straiki ni mrusho mzuri ambao mpigaji ameuacha, au wowote alioukosa, na tatu humtoa; lakini straiki ya tatu isipodakwa na besi ya kwanza iko wazi, mpigaji anaruhusiwa kukimbia. Mrushaji asiyemuamini mdakaji wake haurushi mpira wa chini, ambao ndio mgumu kupigwa. Anaupandisha, na hapo anaadhibiwa. Dawa ni mazoezi ya kuziba. Mdakaji, akiwa amevaa barakoa na kinga ya kifua, ashuke kwa magoti yote mawili, glavu izibe uwazi wa katikati ya mapaja, kidevu kibanwe kifuani, mabega yakunjwe mbele ili mpira ukimgonga uangukie mbele yake. Mwenzake asimame hatua sita, amtupie mipira ya tenisi ishirini ikidunda chini, kila siku ya mazoezi. Kosa kubwa ni kutaka kuudaka. Kwenye viwanja vyetu vya changarawe mpira hudunda unavyotaka, na anayeunyooshea mkono huukosa.

Wa pili ni walinzi wa nje. Kila mpira unaporushwa besi ya kwanza, mlinzi wa nje wa kulia akimbilie nyuma ya besi hiyo, hata kama mara kumi hauguswi. Viwanja vingi vya skuli havina uzio. Mpira uliopita unaishia minazini. Mrushaji naye asisimame kutazama. Mlinzi wa besi ya kwanza akitoka kuufuata mpira, yeye ndiye wa kuifunika besi: akimbilie mstari hatua nne kabla ya besi, kisha aufuate mstari na kukanyaga ukingo wa ndani, wasigongane na mkimbiaji.

Kuhusu maneno, kupiga kelele "rusha straiki!" hakumsaidii mtu. Hilo analijua. Akiyumba, mdakaji peke yake amfuate, azungumze chini ya dakika moja, amwambie jambo moja la kufanya: "Bado auti moja, nipe wa chini, mimi nitauziba." Mrushaji kwa upande wake asikawie baina ya mirusho, kwani walinzi waliosimama juani muda mrefu husinzia, na makosa huzaliwa hapo.

Ombi langu kwa waandishi: matokeo yanapochapishwa, pamoja na pointi wekeni vipigo na makosa ya kila timu, na idadi ya mirusho ya kila mrushaji. Walimu nao wamkabidhi mwanafunzi mmoja wa akiba penseli na daftari, apige mstari kila mrusho na kumwambia mwalimu inapofika 60, ili mrushaji wa pili aanze kupasha mkono kabla wa kwanza hajachoka.

Mwalimu wa michezo,
Chake Chake, Pemba