Kubadili mwajiri hakuui ombi la grini kadi ulilojiombea mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na ndugu zetu waliotoka vyuo vya hapa Dodoma wakaenda Marekani kusoma au kufanya utafiti, pamoja na wazazi wanaowashauri kwa simu kila wiki. Wapo wanaong'ang'ania kazi yenye mshahara mdogo kwa kuamini kwamba wakihama tu, ombi la grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, linakufa. Kwa aliyejiombea mwenyewe, hilo si kweli.

Hofu hiyo imeazimwa kutoka maombi ya aina nyingine. Anayeombewa na mwajiri, faili ni la mwajiri. Mfanyakazi huyo ndiye anayesubiri fomu I-485, ya kuomba grini kadi yenyewe akiwa ndani ya Marekani, ifikishe siku 180 bila uamuzi, ndipo ahamie kazi inayofanana na ile ya awali na kujaza nyongeza ya fomu hiyo iitwayo J. Anayejiombea kwa daraja la EB-1A, yaani uwezo wa kipekee, au la EB-2 yenye msamaha wa maslahi ya taifa, ndiye mwombaji na ndiye mnufaika kwenye I-140, fomu ya ombi la msingi ambapo sifa zake hupimwa. Nyongeza J haimhusu.

Kinachomfunga ni kazi aliyoahidi kuifanya. Tangu uamuzi wa rufaa ya uhamiaji uitwao Dhanasar wa mwaka 2016, ofisa anayepitia ombi la maslahi ya taifa hutazama kama kazi ina thamani na uzito kwa taifa, kama mwombaji ana uwezo wa kuiendeleza, na kama Marekani itafaidika ikimwondolea sharti la mwajiri. Chukua mtafiti aliyeandika kuwa atapambana na sumukuvu kwenye mahindi, balaa tunalolijua sisi wa Dodoma na Manyara tangu vifo vya 2016. Akitoka maabara ya chuo akaenda kampuni inayopima usalama wa vyakula, yuko palepale. Akienda kuuza bima, ofisa ana haki ya kumuuliza alichoandika atakitimizaje. Anayehama atunze mkataba mpya, barua ya mwajiri mpya inayotaja majukumu yake, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayounganisha majukumu hayo na mpango wa awali. Anayeandika mpango sasa hivi asiujenge juu ya mwajiri mmoja.

Pia, kazi mpya nzuri haiokoi ombi lililokuwa dhaifu. Sifa hupimwa kwa siku I-140 ilipowasilishwa. Cheo kilichopatikana baadaye hakizibi pengo. Dawa yake ni I-140 nyingine. Kama ya kwanza ilishakubaliwa, tarehe yake kwenye foleni ya kusubiri grini kadi hutumika kwenye ya pili.

Penye hatari hasa ni viza, na hapa naomba msomaji atulie. I-140, hata ikikubaliwa, haimpi mtu ruhusa ya kukaa wala ya kufanya kazi. H-1B, viza ya kazi ya muda ambayo wengi wanayo, imefungwa kwa mwajiri. Mwajiri mpya lazima awasilishe ombi lake la H-1B kwa fomu I-129, na mfanyakazi asianze kazi kabla haijawasilishwa. Salama zaidi asiache kazi ya zamani kabla ya kuiona risiti. Akiachishwa, ana siku zisizozidi 60, au pungufu kama I-94 yake, yaani rekodi inayoonyesha mwisho wa muda wake wa kukaa, inaisha mapema. Halafu kuna mtego ambao wengi hawauoni: vyuo vikuu na taasisi za utafiti zisizo za faida haziguswi na ukomo wa idadi ya H-1B za kila mwaka. Aliyepata H-1B kupitia huko hajawahi kuhesabiwa. Akitaka kuhamia kampuni binafsi, kwa kawaida huingia kwenye bahati nasibu ya Machi, na akishinda huanza kazi Oktoba. Aulize hilo kabla ya kusaini mkataba.

Foleni ya grini kadi ikimfikia na I-485 ikapokelewa, aombe kibali cha kazi kwa fomu I-765. Akikipata, anaweza kufanya kazi kwa mwajiri yeyote. Hata hivyo, kama mwajiri mpya yuko tayari kumfanyia H-1B, aikubali, kwa sababu anayetegemea kibali hicho peke yake hana pa kusimama I-485 ikikataliwa. Akihama makazi, atoe taarifa kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10; barua ya kudai ushahidi ikienda nyumba ya zamani, muda wa kujibu unakwisha hajui.

La msiba nalo tuliseme. Mwenye I-485 inayosubiri akipanda ndege kuja kuzika bila hati ya ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa I-131, ombi huhesabiwa limeachwa. Mwenye H-1B halali ana unafuu, ila akirudi lazima awe bado na hadhi hiyo, awe anarudi kwa mwajiri wa H-1B hiyo, na viza iwe hai kwenye pasipoti. Tangazo la Rais wa Marekani la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania kwenye nchi zilizowekewa vikwazo vya sehemu, vikiwamo vya viza za uhamiaji. Kwa hiyo familia ikipiga simu ya msiba, impe nafasi ya kuongea na mwanasheria wake kabla ya kukata tiketi.

Mshauri wa maombi ya uhamiaji,
Area C, Dodoma