Oksijeni ya wazee ipimwe kama dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie utunzaji wa vifaa vya oksijeni katika makao ya wazee. Mtungi, mashine ya kuchuja oksijeni kutoka hewani na mpira wa pua vimezoeleka mno hata vikahesabiwa kuwa samani za chumba, ilhali oksijeni ni dawa: daktari huiandika kwa kipimo maalumu, na Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya dawa muhimu. Vidonge vikiwa kabatini, yupo anayekagua tarehe ya kuisha muda wake. Mashine ikiwa kando ya kitanda, mara nyingi kinachokaguliwa ni kama inanguruma.

Mngurumo huo si ushahidi wa kutosha. Mashine huvuta hewa ya kawaida, yenye oksijeni takriban asilimia 21, na kuisukuma kwa shinikizo kupitia chembechembe za zeolaiti, aina ya madini, zinazonasa nitrojeni, ili kinachomfikia mgonjwa kiwe na oksijeni ya asilimia 90 hadi 96 hivi. Chujio likizibwa na vumbi, mashine hupata joto na kulemewa. Zeolaiti nazo zikiingiwa na unyevu, hupoteza nguvu polepole. Hapo kipima mtiririko kinaweza kuendelea kuonyesha lita 2 kwa dakika kama kilivyoonyesha jana na juzi, huku oksijeni iliyomo ndani ya lita hizo ikizidi kupungua. Mzee akianza kuchanganyikiwa au kusinzia mchana kutwa, husemwa kuwa ni umri.

Hatari ya pili huzaliwa na ile ya kwanza, nayo haizungumzwi sana. Mlezi anayeona mzee anahema kwa shida huongeza mtiririko, na kipimo hicho kipya hubaki hivyo. Siku umeme ukikatika, mzee huhamishiwa kwenye mtungi, ambao oksijeni yake inakaribia kuwa halisi kabisa, kwa mtiririko uleule ulioongezwa kufidia udhaifu wa mashine. Kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu, ambao madaktari kwa kawaida hutaka oksijeni ya damu yao ibaki kati ya asilimia 88 na 92, oksijeni ikizidi, hewa ya kaboni (kaboni dioksidi) huweza kurundikana mwilini hadi wakapoteza fahamu. Kwa hiyo mashine iliyochoka humdhuru mzee hata baada ya kuzimwa.

Dawa ya tatizo hili ni kupima. Kuna kifaa kidogo cha mkononi kinachoonyesha asilimia ya oksijeni inayotoka kwenye mashine, na makao yenye wazee wanaotegemea mashine hizi hayana udhuru wa kukikosa. Kile cha kubana kidoleni ni cha lazima pia, ila chenyewe hupima mwili wa mzee. Hakisemi kama kosa liko mapafuni au mashineni.

Mengine yanajulikana, ingawa hayatendwi. Chujio la nje la sponji huoshwa walau kila wiki, nalo lisirudishwe likiwa bichi, ndiyo maana la akiba linahitajika. Chupa ya unyevu, ambamo oksijeni hupitia majini isimkaushe mzee pua, ibadilishwe maji kila siku, na yawe maji yasiyo na vijidudu, si ya bomba. Mpira wa pua uliokakamaa utupwe, na ngozi ya nyuma ya masikio ikaguliwe, kwa kuwa hapo ndipo vidonda huanzia. Mitungi ifungwe isianguke, mafuta yasiguse vali zake, na moto wa aina yoyote, sigara ikiwa ya kwanza, ukae mbali.

Najua nitajibiwa kuwa wafanyakazi ni wachache. Ni kweli, na sipendi barua zinazomtwisha muuguzi kila lawama. Lakini katika makao mengi kinachokosekana ni jina: muuguzi hudhani fundi wa kampuni iliyoleta mashine ndiye mwenye jukumu, fundi naye huja anapoitwa tu. Napendekeza kila zamu iwe na mtu mmoja aliyeandikwa kuwa msimamizi wa oksijeni, na kila mashine iwe na kadi yenye asilimia iliyopimwa, tarehe na sahihi. Wakaguzi wa makao waiombe kadi hiyo kama wanavyoomba daftari la dawa, na ndugu wa mzee waruhusiwe kuisoma bila kuomba kibali kwa mtu yeyote.

Muuguzi mstaafu